Saruji Iliyofunga Bandari

Mwishoni mwa Julai 1975 wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wamekusanyika mjini Kampala, Uganda, katika mkutano wa kilele wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tarehe 29 ya mwezi huo Jenerali Yakubu Gowon, aliyekuwa ameitawala Nigeria kwa miaka tisa, alipata habari akiwa huko huko mkutanoni kwamba jeshi lake limemwondoa madarakani. Sababu za mapinduzi hayo zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa uamuzi wake wa Oktoba 1974 wa kuahirisha kurudisha utawala wa kiraia. Lakini wakati Kampala ikizungumza juu ya mapinduzi hayo, mbele ya bandari ya Lagos yalikuwa yakijipanga majini matokeo ya kosa jingine la utawala wake. Meli zilizosheheni saruji zilikuwa zimetia nanga zikingoja zamu ya kupakua, na kila siku zilizidi kuongezeka. Kabla ya mwaka huo kwisha idadi ya meli zilizokuwa zikingoja ilipita 400, na zaidi ya nusu yake zilikuwa zimebeba saruji.

Historia ya saruji hiyo yafaa kukumbukwa kila mara serikali yoyote inapotangaza mpango mkubwa wa ujenzi. Nigeria ya mwaka 1975 haikuwa na upungufu wa fedha, wala haikuwa na upungufu wa mahitaji. Wananchi wake walihitaji nyumba, shule, barabara na hospitali, na hazina ya serikali ilikuwa imejaa. Kilichokosekana ni hesabu moja tu, nayo ni ya njia ambayo vifaa vya ujenzi vingepitia mpaka vifike mahali pa kujengea.

Chanzo cha mambo hayo ni vita na mafuta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1967 vilipomalizika Januari 1970, Nigeria ilijikuta na jeshi la askari wapatao 250,000. Askari hao hawakuwa na makambi ya kutosha, na wengi wao walikuwa wakiishi katika shule na majengo mengine yasiyokuwa yao. Kuwapunguza kwa haraka kulionekana kuwa ni hatari, na kuwaacha bila makao kulionekana kuwa ni hatari zaidi. Basi Wizara ya Ulinzi ikaandaa mpango wa kujenga makambi mapya nchini kote.

Kisha ikaja vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973. Bei ya mafuta, ambayo kabla ya vita hiyo ilikuwa kiasi cha dola 3 kwa pipa, ilikaribia dola 12 ilipofika Januari 1974. Nigeria, iliyojiunga na OPEC mwaka 1971, ilikuwa ikitoa mapipa zaidi ya milioni 2 kwa siku. Katika muda wa miezi michache serikali ilipata mapato ambayo wataalamu wake hawakuwahi kuyafikiria. Mpango wa Tatu wa Maendeleo, wa mwaka 1975 hadi 1980, ukatangazwa kwa makadirio ya naira bilioni 30, yaani takriban mara kumi ya mpango uliotangulia. Wakati huo huo mishahara ya watumishi wa serikali iliongezwa sana kufuatana na mapendekezo ya tume ya Udoji, na wengi waliopata nyongeza hiyo walianza nao kutafuta mifuko ya saruji ya kujengea nyumba zao.

Ndipo maagizo yalipoanza kutolewa. Viwanda vya saruji vilivyokuwako nchini, kama kile cha Nkalagu kilichoanza kazi mwaka 1957 na baadaye kuharibiwa katika vita, na kile cha Ewekoro, vilikuwa vikitoa jumla isiyofikia tani milioni 2 kwa mwaka. Serikali ikageukia nchi za nje. Mikataba 109 ilitiwa saini na wauzaji 68, ikihusu zaidi ya tani milioni 16 za saruji, kwa thamani inayokaribia dola bilioni moja. Pamoja na maagizo mengine, jumla ilifikia kiasi cha tani milioni 20. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya mapinduzi, chini ya Jaji Belgore, ilibainisha kwamba mahitaji halisi ya Wizara ya Ulinzi yalikuwa kiasi cha tani milioni 2.9 tu.

Kwa upande wa pili, ilikadiriwa kwamba magati ya Lagos yaliweza kupokea kiasi cha tani milioni moja za saruji kwa mwaka. Hata mtoto wa shule angeweza kufanya hesabu hiyo. Ikiwa shehena yote ingepitia mlango huo, ingechukua miaka ishirini kuipakua, na katika muda wote huo magati yasingekuwa na nafasi ya kutosha kwa chakula, dawa, mashine wala vipuri. Hata kama Port Harcourt, Warri na Calabar zingebeba sehemu ya mzigo, pengo kati ya kilichoagizwa na kilichoweza kupokewa lilikuwa kubwa mno.

Je, ilikuwaje serikali yenye mabaraza, wizara na wachumi ikakosa kuiona hesabu hiyo? Jibu la kwanza ni kwamba hapakuwa na ofisi moja iliyoyaona maagizo yote kwa pamoja. Wizara iliyokuwa ikiagiza saruji ilitazama makambi yake, nao wakuu wa bandari hawakuwa na sauti katika utiaji saini wa mikataba. Jibu la pili linahusu desturi ya biashara. Maofisa walidhani kwamba katika wauzaji wengi hivyo ni wachache tu wangeleta saruji kwa wakati, kwa hiyo wakaagiza kupita kiasi ili wapate kinachotosha. Kumbe karibu wote walileta. Jibu la tatu ni tamaa. Tuhuma za rushwa zilienea, na mikataba ilipewa hata watu ambao hawakuwa na sifa yoyote katika biashara ya saruji. Mwenye kupata faida kwa kila tani inayoagizwa hana sababu ya kuuliza tani hizo zitapakuliwa wapi.

Masharti ya mikataba nayo yalizidisha balaa. Katika biashara ya bahari, meli inayocheleweshwa bandarini kupita siku zilizokubaliwa hulipwa fidia kwa kila siku ya kungoja. Fidia hiyo ilikuwa dola elfu kadhaa kwa siku kwa kila meli, nayo Benki Kuu ya Nigeria ilikuwa imejifunga kwa hati zake kwamba italipa. Haikuchukua muda wenye meli kutambua kwamba kungoja mbele ya Lagos kulikuwa na faida kuliko kusafiri. Meli kuukuu ambazo zilikaribia kuvunjwa na kuuzwa kama vyuma chakavu zilipelekwa huko zikae, na kila jua lilipotua deni la Nigeria lilikuwa limeongezeka.

Nayo saruji si bidhaa ya kungoja. Mfuko wa saruji ukikaa miezi mitatu katika hewa yenye unyevu huanza kupoteza nguvu, na ukizidi kukaa hugeuka jiwe. Lagos ina mvua nyingi na joto la pwani. Kwa hiyo baadhi ya mali ambayo Nigeria ilikuwa ikilipia kila siku ili ihifadhiwe melini ilikuwa ikiharibika humo humo melini. Wakati huo huo meli zilizobeba bidhaa nyingine zilishindwa kukaribia gati. Wenye maduka walipandisha bei, viwanda vilingoja vipuri, na mwananchi wa kawaida, ambaye hakuwa ameagiza hata mfuko mmoja, akalipa gharama za mpango uliotangazwa kwa jina lake.

Serikali mpya ya Jenerali Murtala Muhammed ilikuta hali hiyo ikiwa haivumiliki. Iliamua kuzuia meli zaidi zisije bila idhini, ikasimamisha malipo, na kuwaita wauzaji ili kuzungumza upya juu ya mikataba. Wengi walikubali kusuluhishwa. Wengine walikwenda mahakamani, na kesi zao zikaacha alama katika sheria za dunia. Mjini London kampuni ya Uswisi iitwayo Trendtex iliishtaki Benki Kuu ya Nigeria kwa sababu ya tani 240,000 za saruji ya kujengea makambi ya jeshi. Benki hiyo ilijitetea kwamba ni chombo cha dola huru na kwa hiyo haiwezi kushtakiwa katika nchi ya kigeni. Mwaka 1977 Mahakama ya Rufani, akiwamo Jaji Denning, iliukataa utetezi huo. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ya New York nayo iliamua dhidi ya Nigeria katika kesi nne za namna hiyo hiyo. Kuanzia hapo ikawa wazi kwamba serikali inayoingia sokoni kununua saruji husimama mbele ya hakimu kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Funzo hilo lilihusu kila nchi changa iliyokuwa ikitia saini mikataba ya ujenzi na kampuni za kigeni.

Lakini athari iliyo kubwa zaidi haikuwa ya mahakamani. Mpango wa Tatu uliahidi kujenga nyumba 202,000 kwa ajili ya wananchi. Ilipofika mwaka 1980, zilizokamilika hazikufikia 30,000. Yaani nchi iliyokuwa imezungukwa na saruji ilishindwa kutimiza hata sehemu moja kwa tano ya nyumba ilizoahidi. Nyumba haijengwi kwa saruji peke yake. Inahitaji kiwanja kilichopimwa, nondo, mbao, maji, mafundi waashi, maseremala, wakadiriaji wa ujenzi na lori la kuvifikisha vyote hivyo mahali pamoja. Kuongeza kimojawapo mara kumi na kuviacha vingine vilivyo hakuongezi nyumba hata moja.

Jambo jingine halikuzingatiwa katika makadirio ya wakati ule, nalo ni kwamba mahitaji ya saruji yalitokana kwa sehemu na namna majengo yalivyosanifiwa. Nigeria ni nchi yenye ufundi wa ujenzi wa kale. Katika miji ya kaskazini kama Kano na Zaria, mafundi wa Kihausa walijenga kwa udongo kuta nene na dari za matao ambazo hustahimili joto kwa karne nzima zikitunzwa vizuri. Hata hivyo, katika ramani za wizara nyumba ya serikali ilikuwa ni nyumba ya matofali ya saruji, iwe pwani au jangwani. Jumba la Taifa la Sanaa mjini Lagos, lililokamilika mwaka 1976 kwa ajili ya tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, lilijengwa na kampuni ya Kibulgaria kwa kufuata umbo la jumba la utamaduni na michezo la mji wa Varna. Tamasha lenyewe, ambalo lilikuwa lifanyike mwaka 1975, likaahirishwa mpaka Januari 1977. Nchi inayoazima mchoro huazima pia orodha ya vifaa, na orodha ya vifaa ndiyo inayoamua meli ngapi zitatia nanga.

Haki inadai isemwe pia kwamba Nigeria ilijifunza. Bandari mpya ya Tin Can Island, jirani na Apapa, ilijengwa kwa haraka na kufunguliwa mwaka 1977. Viwanda vipya vya saruji vilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kama vile Ashaka na Gboko, karibu na machimbo ya chokaa. Mwezi Februari 1976 serikali iliamua kuhamisha makao makuu kutoka Lagos kwenda Abuja, katikati ya nchi, na mchoro wa eneo la kati la mji huo ukakabidhiwa kwa Kenzo Tange wa Japani. Hata hivyo, makadirio ya Abuja yalitegemea kwamba mafuta yataendelea kuuzwa kwa bei ya juu. Soko la mafuta lilipodhoofika, serikali ya Shehu Shagari ililazimika mnamo Aprili 1982 kupitisha sheria ya kubana matumizi na uagizaji, na kazi nyingi za ujenzi zikapungua. Makao makuu yalihamia Abuja rasmi mwezi Desemba 1991, miaka karibu kumi na sita baada ya uamuzi wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 21 sehemu kubwa ya saruji ya Nigeria ilikuwa bado inatoka nje. Mwaka 2002 serikali ya Olusegun Obasanjo ilianza kutumia siasa mpya. Ruhusa ya kuingiza saruji ilitolewa kwa wale tu waliokubali kujenga viwanda nchini. Katika miaka iliyofuata kiwanda cha Obajana cha kampuni ya Dangote kikawa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika, na uwezo wa viwanda vyote vya Nigeria ukapita tani milioni 50 kwa mwaka. Nchi iliyozibwa na saruji ya kigeni ikaanza kuiuza yake nje. Oktoba 2015 kampuni hiyo hiyo ilifungua kiwanda Mtwara, kusini mwa Tanzania, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na viwanda vingine vikafunguliwa Zambia na Ethiopia.

Lakini hapo pia hesabu ya mlango haikuisha, ila ilihama tu. Mtwara haikuwa na tatizo la chokaa. Mwishoni mwa mwaka 2016 uzalishaji ulisimama kwa muda, na mazungumzo yote yakawa juu ya gharama za nishati, mpaka baadaye kiwanda kilipounganishwa na gesi asilia inayopatikana katika mkoa huo huo. Nchini Nigeria kwenyewe, ambako viwanda vikubwa viko mikononi mwa kampuni chache, bei ilipanda kwa kasi mwanzoni mwa mwaka 2024. Februari mwaka huo serikali ililazimika kukutana na wenye viwanda, na ikakubaliwa kwamba mfuko wa kilo 50 uuzwe kati ya naira 7,000 na 8,000. Saruji ilikuwako, tena ya nyumbani. Kilichokuwa chembamba safari hii ni uwezo wa mnunuzi na wingi wa washindani sokoni.

Kwa nchi za Afrika ya Mashariki na jirani zake mambo haya si ngano za mbali. Uganda, Rwanda, Burundi na Zambia hazina pwani, na sehemu kubwa ya mali zao hupitia Mombasa au Dar es Salaam. Uganda yenyewe ina mfano mwema wa kuulinganisha na ule wa Lagos. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa, kiwanda cha saruji kilianzishwa Tororo, mahali ambapo chokaa ilikuwa karibu na reli ilikuwa imekwisha pita. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954. Mpango huo ulikuwa wa wakoloni na kwa manufaa yao, lakini waliokadiria walianza na jiwe, tanuri na reli, kisha ndipo wakaja kwenye ukubwa wa jengo.

Leo utabiri wa wataalamu unaonyesha kwamba Afrika itakuwa na watu wapatao bilioni 2.5 ifikapo mwaka 2050, na kwamba wengi wao watakuwa wakiishi mijini. Hakuna shaka kwamba saruji nyingi zaidi itahitajika, na kwamba wauzaji wa kila namna watakuja na mikataba mikononi. Utabiri wa mahitaji ni kazi nyepesi, kwani mahitaji ya nyumba yanaonekana kwa macho katika kila mtaa. Kazi ngumu ni kukadiria gati litapokea nini kwa siku, lori ngapi zinatembea, tanuri linachoma kwa nishati gani, mafundi wangapi wamehitimu, na mwananchi atalipa bei gani kwa mfuko mmoja.

Wahenga walisema kwamba mipango si matumizi. Serikali ya Gowon ilikuwa na mpango, tena ilikuwa na fedha za mpango huo. Lakini familia zilizoahidiwa nyumba 202,000 hazikuweza kulala ndani ya takwimu, wala ndani ya meli zilizotia nanga. Kila waziri anayeletewa makadirio ya ujenzi ili ayatie saini anastahili kuuliza kwanza ni wapi patakapoziba, na asiweke saini yake mpaka apewe jibu lenye tarakimu.